Nanyonga kwa nguvu zote na bado chakula kinachelewa

Mgeni wa Lami ameandika:

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaoifanya kazi hii kila siku. Wa kuniambia nitafute kazi nyingine wanisamehe, hii ndiyo niliyonayo na ninaipenda.

Nipo wiki ya saba nikipeleka chakula kwa baiskeli katikati ya jiji ambalo foleni yake haikatiki. Niliichagua baiskeli kwa sababu hiyo hiyo: magari yakisimama, mimi napita. Baiskeli nimepewa na mjomba, ya chuma, imara ila nzito. Chakula nakibeba mgongoni kwenye lile begi la mraba la kutunza joto.

Shida ni kwamba nachelewa. Programu inanipa muda wake, mimi nafika dakika nne baadaye, saba, siku nyingine kumi. Ili kufidia nimeanza kupita taa nyekundu na kujipenyeza katikati ya magari. Kasi imepanda kweli, kwenye simu naona 25, hata 27 kwa saa. Lakini kuchelewa hakujapungua wala nusu, na nyota ninazopewa na wateja zinashuka. Goti la kushoto linauma kwa mbele, chini ya kile kifuniko chake, na nikifika nyumbani kushuka ngazi ni kazi.

Kilichonileta hapa ni cha juzi. Nilikuwa napita kando ya magari yaliyoegeshwa, mlango mmoja ukafunguka mbele yangu. Nikaukwepa kwa upana wa kiganja, nikaangukia kwenye njia ya gari lililokuwa nyuma yangu. Dereva akafunga breki. Hakupiga honi wala hakutukana, alinitazama tu, na uso ule bado ninauona. Supu ya mteja ilimwagika yote begini ikapenya hadi shati. Nikaenda hivyo hivyo mlangoni kwake kuomba radhi.

Sasa nifanyeje niwe na kasi bila kuuawa? Nijibane ninunue baiskeli ya umeme? Na hili goti ni la kawaida, kwamba mwili utazoea?

---

Gia ya Pili ameandika:

Pole sana kaka. Nianze na goti kwa sababu hilo unaweza kulitengeneza leo. Haliwezi kuzoea, litaharibika. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi ni kiti kuwa chini mno, au kunyonga gia nzito, au vyote viwili. Egemea ukuta, kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Ukinyonga kawaida, kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo, na hapo ndipo pake. Baiskeli ya kupewa nina hakika kiti kipo pale alipokiacha mjomba. Pandisha kidogo kidogo, sentimita moja, tembea nayo siku mbili, uone.

Gia nayo iwe nyepesi kuliko unavyodhani. Miguu izunguke haraka bila kukaza, mizunguko 80 hivi kwa dakika. Kabla ya kusimama kwenye taa shusha gia, usisubiri kuondoka ndipo uanze kusukuma chuma kizito kwa goti bovu. Na ukiona wiki mbili zimepita bado linauma, au limevimba, nenda kwa daktari.

Kuhusu taa nyekundu sina la kuongeza. Acha.

---

Mama Keria ameandika:

Mdogo wangu, nimesoma habari ya ule mlango nikaweka simu chini kwanza. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina mwaka wa sita kwenye kazi hii, jiji langu nalo halipumui kwa magari. Nitaandika marefu, univumilie.

Nikuonyeshe hesabu niliyoonyeshwa mimi. Chukua safari ya kilomita 3. Ukienda kwa wastani wa kilomita 18 kwa saa, unatumia dakika 10. Ukijitoa roho ukafikisha wastani wa 22, unatumia dakika 8 na sekunde kama 11. Hujaokoa hata dakika mbili. Na wastani wa 22 ndani ya foleni ni kazi kubwa mno, maana ile 27 unayoiona kwenye simu ni ya sekunde chache kati ya kusimama na kusimama. Sasa wewe unachelewa dakika saba mpaka kumi. Hizo dakika haziko barabarani. Ungekuwa na mabawa bado ungechelewa.

Zilipo nilizigundua kwa daftari. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kama wewe, nakimbia, nalia, nakimbia tena. Kuna mzee mmoja wa kazi, alikuwa anakwenda polepole hadi nikimwonea huruma, na jioni oda zake ni nyingi kuliko zangu. Nikamuuliza. Akaniambia niandike nyakati tano kwa kila oda: nimekubali saa ngapi, nimefika jikoni saa ngapi, nimekabidhiwa chakula saa ngapi, nimefika kwenye jengo saa ngapi, nimemkabidhi mteja saa ngapi. Siku sita. Nilikaa nayo mezani usiku wa siku ya sita nikajumlisha, na zaidi ya nusu ya muda wangu ulikuwa wa kusimama. Nimesimama jikoni nasubiri kifungashwe, au nimesimama chini ya jengo natafuta mlango, nasubiri lifti, nabishana na mlinzi.

Tangu hapo nguvu zangu nimezihamishia huko.

Jikoni kwanza. Kila jiko lina tabia yake na ukilijua huwezi kudanganywa na programu. Kuna jiko linasema chakula tayari kumbe ndiyo kwanza moto unawashwa. Hilo ninalijua, naliendea kwa mwendo wa taratibu, au sikubali oda yake saa saba mchana kabisa. Kuna lingine kila kitu kiko kaunta kabla hujafunga baiskeli. Nilipo na nafasi ya kuchagua nakaa karibu na la pili. Ukiingia simama anapokuona anayefungasha, mtaje kwa jina, mwambie namba ya oda yako kabla hajauliza. Wale watu nao wamechoka kama wewe. Mimi nina majiko matatu ambayo wakiniona naegesha wanaanza kufunga mfuko wangu, na sijawahi kuwapa chochote zaidi ya salamu na kuwashukuru.

Halafu mlango wa mteja. Huku ndiko dakika zinakoteketea. Alama ya kwenye ramani mara nyingi inaangukia katikati ya jengo, na mlango uko upande wa pili, nyuma ya ukuta. Nina kurasa za daftari kwa kila jengo ninalolirudia: geti lipi linaruhusu baiskeli, mlinzi anataka kitambulisho au jina tu, lifti ipi inafika juu, nguzo ya kufungia iko wapi. Jengo la mara ya kwanza natuma ujumbe nikiwa bado jikoni nasubiri: "Habari, chakula chako kinafungashwa. Naomba unieleze mlango wa kuingilia." Muda wa kusubiri jikoni unakuwa umefanya kazi ya mlangoni.

Njia pia. Acha kufuata mstari mfupi wa ramani. Kinachokula mguu ni kuanza upya kutoka kusimama, na baiskeli yako ni nzito. Njia ya nyuma iliyo ndefu kwa mita 400 lakini ina taa moja badala ya tano inakufikisha muda ule ule, ukiwa na pumzi. Zitafute siku ya mapumziko, bila chakula mgongoni, uzipite kwa saa zile zile unazofanyia kazi.

Sasa mlango wa gari, na hapa nakuomba kama dada yako. Kaa mbali na magari yaliyoegeshwa, zaidi ya mita moja, iwe hata dereva wa nyuma yako ananuna. Mlango ukifunguka wote unafagia karibu upana huo. Na nyooka. Usiingie kwenye pengo kati ya gari na gari kisha ukatoka tena, kwa sababu kila unapotoka unakuwa mtu mpya machoni pa anayekuja nyuma. Tazama ndani ya magari yaliyosimama: kuna kichwa? Taa ya breki imezimika sasa hivi? Magurudumu yamekunjwa? Teksi imesimama abiria akiwa nyuma? Hapo mkono uwe juu ya breki tayari. Uholanzi kuna mazoea ya kufungua mlango wa gari kwa mkono ulio mbali na mlango, ili mwili ugeuke na macho yatazame nyuma. Uingereza waliuingiza ushauri huo kwenye kanuni zao za barabarani Januari 2022. Nimewafundisha wanangu, na kila dereva anayenipa lifti namwambia. Lakini barabarani usimtegemee mtu kwamba ameusikia.

Kwa mwendo wa 18 kwa saa, ndani ya sekunde moja ya kushtuka unakuwa umesafiri mita 5. Kwa 27 ni mita 7 na nusu, na hujagusa breki bado. Na pigo lenyewe kwa 27 lina nguvu zaidi ya mara mbili ya lile la 18. Zile mita mbili na nusu ndizo zilizokusukuma mbele ya gari la watu.

Na lori. Usipite pembeni ya lori au basi kwenye makutano, upande ule ambao linaweza kukunja, hata likiwa limesimama, hata nafasi ikiwa pana kama uwanja. Likikunja, magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, yanakata ndani, na pengo linajifunga na wewe umo. Dereva pale juu hakuoni, wewe uko chini ya dirisha lake. Mwenzetu mmoja alibanwa hivyo dhidi ya uzio wa chuma. Yu hai, ila mguu wake haukurudi kuwa ule. Mimi ndiye niliyekaa naye chini pale mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na begi lake lilikuwa bado lina chakula cha mtu. Kaa nyuma ya lori. Subiri. Mteja atasubiri.

Supu iliyomwagika tutaongea, ngoja nilaze watoto.

---

Fundi Spoki ameandika:

Mimi sipeleki chakula, ninatengeneza baiskeli za wanaopeleka. Wengi wananijia chombo kikishakufa, kwa hiyo naomba haya machache kabla hujawaza ya umeme.

Upepo. Pembeni ya tairi pameandikwa kiwango cha chini na cha juu. Kubonyeza kwa kidole gumba hakukuambii kitu. Tyubu inapoteza upepo yenyewe hata bila pancha, kwa hiyo pampu yenye kipimo mara moja kwa wiki. Tairi legevu ndilo linalofanya baiskeli ionekane nzito, na ndilo linalopasua tyubu ukigonga ukingo wa shimo.

Cheni. Chukua rula ya chuma. Kutoka pini moja, hesabu viungo 24. Ikiwa mpya inapima karibu milimita 305. Ikifika 306 na nusu, nunua mpya. Ukiiacha mpaka 308, imeshakula na meno ya lile gurudumu dogo la nyuma linalovutwa na cheni, na hapo unanunua vyote. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, kipimo hiki kila mwezi. Ifute kwa kitambaa, tia mafuta tone moja kila kiungo, subiri kidogo, ufute tena yaliyobaki nje. Mafuta ya nje yanakusanya mchanga tu.

Breki. Kama ni za mpira unaobana rimu, mpira una mifereji. Mifereji ikiisha, mpira umeisha. Mvua ikinyesha hazishiki mara moja, lazima kwanza zifute maji, basi anza kuminya mapema zaidi. Na mvua hiyo hiyo inafanya mistari ya rangi ya barabarani na vifuniko vya chuma viwe kama sabuni. Usikunje wala kufunga breki ukiwa juu yake.

Umeme ni mzuri kwa vilima na mizigo. Kwenye foleni ya tambarare, baada ya alichoeleza Mama Keria, sioni utakachokipata zaidi ya deni. Na ukija kununua, nunua betri na chaja yake halisi. Betri za kuungaunga zimeunguza nyumba za watu. Usichaji usiku ukiwa umelala, wala mbele ya mlango unaotokea.

---

Mgeni wa Lami ameandika:

Nimekosa la kusema, asanteni. Kiti nimekipandisha sentimita mbili, mguu ulikuwa haunyooki kabisa. Daftari nimenunua njiani nikirudi.

Mama Keria, nina swali moja zaidi nikisubiri la supu. Dakika za kusubiri jikoni hakuna anayenilipa, na nikichelewa kwa sababu yao nyota zinazoshuka ni zangu. Hilo nalo nilizoee?

---

Mama Keria ameandika:

Hapana, hilo usilizoee. Wengi tunalipwa kwa oda, hivyo kila dakika ya kusimama jikoni tunaitoa sisi bure. Hispania mwaka 2021 walipitisha sheria inayomchukulia mpelekaji wa programu hizi kuwa mwajiriwa, na kampuni inatakiwa iwaeleze wawakilishi wa wafanyakazi jinsi mfumo wake unavyopanga kazi. Jiji la New York nalo limeweka kiwango cha chini cha malipo kwa wapelekaji, na sheria inayotaka mikahawa iwaruhusu kutumia choo. Wewe unayeanza utaelewa baada ya mwezi mmoja kwa nini suala la choo lilihitaji sheria. Mimi kwa miaka miwili nilikuwa sinywi maji mchana kwa kuogopa kukosa pa kwenda, hadi nikaugua. Usifanye hivyo. Kunywa kidogo kidogo siku nzima, na majiko yenye choo kisicho na masharti yaandike kwenye daftari.

Hiyo ndiyo kazi ya pili ya daftari. Mara tatu nimepewa onyo la kuchelewa nikapeleka saa zangu: nimefika jikoni saa ngapi, nimekabidhiwa saa ngapi, na picha ya skrini kila kusubiri kunapozidi dakika kumi. Mara mbili onyo liliondolewa. Mara ya tatu sikujibiwa mpaka leo. Bila daftari nisingekuwa na la kusema zote tatu. Na kama mko wanne watano mnaosubiri mlango mmoja, andikeni wote. Meneja wa jiko moja alibadilisha utaratibu baada ya sisi sita kumwekea karatasi zetu mezani siku moja, kwa adabu kabisa.

Sasa supu. Toa mzigo mgongoni. Najua begi ndilo ulilopewa, lakini begi la juu linapandisha uzito, linakuyumbisha unapokwepa, na kila unapoinama supu inainama na wewe. Funga keria nyuma, imara, ya kubanwa kwenye fremu kwa boliti, uweke sanduku juu yake na mikanda miwili. Mgongo utakushukuru wiki ya kwanza. Ndani ya sanduku, cha maji kinakaa chini na kimesimama, nafasi inayobaki jaza taulo mpaka kisiweze kusogea. Kinywaji cha baridi kisikae na cha moto, kitenge kwa taulo nene au mfuko wake. Kabla ya kuondoka kaunta, geuza chombo kidogo. Kikivuja hapo, wanakibadilisha. Ukishatoka nje ni chako.

Na chakula kilichopikwa kisikae vuguvugu. Shirika la Afya Duniani linasema cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, na kisiachwe nje zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo sanduku lisifunguliwe njiani, na lifutwe kwa maji ya moto na sabuni kila usiku. Lile begi lako lenye supu ya juzi, limeshaoshwa?

---

Mgeni wa Lami ameandika:

Limeoshwa, mara mbili, harufu imetoka.

Narudi na majibu ya siku sita. Oda 71. Nimejumlisha jana usiku kama ulivyoniambia. Kunyonga kwenyewe ni dakika 41 katika kila 100. Kusubiri jikoni 33. Zilizobaki 26 ni kutoka kufunga baiskeli hadi mkononi mwa mteja. Nimeziangalia nikakumbuka zile taa zote nilizopita.

Jiko moja peke yake limenikalisha karibu nusu ya muda wote wa kusubiri, na ndilo nililokuwa nakaa mbele yake kwa sababu lina kivuli. Nimehama. Siku mbili za mwisho nimechelewa mara tatu tu, na sijapita taa hata moja. Goti bado lipo lakini ngazi nashuka.

Fundi, cheni imesoma 309.

---

Fundi Spoki ameandika:

Basi meno ya nyuma nayo yanaondoka. Usinunue cheni peke yake, itaruka kila ukikaza, na ikiruka ukiwa umesimama juu ya pedali unaanguka kwa mbele. Hesabu meno ya lile gurudumu dogo la nyuma, andika idadi hapa, na kama gurudumu hilo ni moja au yako kadhaa. Nitakuambia cha kuulizia dukani. Hadi ubadilishe, kaa kitini, gia nyepesi, usisimame kunyonga.

---

Mgeni wa Lami ameandika:

Ni moja, lina meno 18. Kesho sitoki, naenda dukani kwanza.